Mwongozo kamili wa kujenga bwawa la chemchemi katika korongo lenye miti, kwa wenye mashamba nyuma ya Mombasa

Kanuni inayotawala mwongozo huu ni moja: bwawa hujengwa kando ya chemchemi na chini yake, kamwe si juu ya jicho lake. Anayetaka bwawa huvutiwa kwanza na wazo la kuziba korongo kwa tuta mahali pembamba, pale pale maji yanapotokea, kwa kuwa anaona kuwa kazi itakuwa ndogo na maji yatajikusanya yenyewe. Lakini maji ya chemchemi hutoka ardhini kwa msukumo mdogo sana, na yakiwekewa uzito wa maji mengine juu yake hurudi nyuma na kutafuta ufa mwingine, ambao huenda ukafungukia kwa jirani au usifunguke mahali popote panapoonekana. Chemchemi iliyohama hairudishwi kwa jembe.

Korongo linalofaa

Nyumba nyingi za Mombasa, kuanzia Kisiwani hadi Nyali, Bamburi na Likoni, zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu na mapango, ambao hauzuii maji hata kidogo, na visima vinavyochimbwa karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Mabwawa ya Bamburi, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kuotesha mivinje katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji na baadaye akafuga samaki, yaliwezekana kwa sababu machimbo yenyewe yalikuwa yamefika karibu na maji ya ardhini. Hiyo ni habari nyingine. Mwenye kiwanja juu ya matumbawe hana la kufanya na mwongozo huu.

Mambo hubadilika unapopanda kuelekea bara. Kuanzia Mazeras na Rabai, na vilevile katika Milima ya Shimba upande wa Kwale, mvua hupenya ndani ya mawe ya mchanga na udongo wa kichanga, hushuka polepole hadi ikutane na tabaka gumu lisilopitisha maji, kisha hutambaa juu ya tabaka hilo hadi mahali ambapo ardhi imekatwa. Korongo ndipo ardhi ilipokatwa, na ndiyo maana chemchemi hupatikana huko kuliko penginepo. Watu wa Mombasa wanaijua kazi hii ya ardhi hata wasipofikiri juu yake, kwani maji ya Marere, ambayo yamekuwa yakiletwa mjini kwa bomba tangu enzi za ukoloni, hutoka Shimba kwa namna hiyo, na yale ya Mzima huko Tsavo Magharibi ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu na kuchujwa na mawe ya volkano. Katika yote mawili kinacholisha chemchemi ni eneo la juu yake, na mwenye kutaka bwawa la kudumu huanza kwa kutazama juu ya korongo. Ikiwa huko juu kuna msitu, vichaka au mikorosho iliyoachwa na nyasi chini yake, chemchemi ina mlezi. Ikiwa kumelimwa hadi ukingoni, au kumepandwa mikaratusi, tarajia maji yapungue mwaka hadi mwaka.

Pima maji kabla ya kupima ardhi

Chemchemi hupimwa mwishoni mwa kaskazi, yaani mwezi wa Machi kabla masika hayajaanza, kwa sababu wakati huo ndipo inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Kipimo cha Juni humdanganya mwenye shamba. Jenga kizuizi kidogo cha udongo hatua chache chini ya jicho, pitisha kipande cha bomba ndani yake, subiri maji yatulie na kuanza kutoka yote kwa bomba, kisha weka ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde hadi ijae. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani, halafu bomoa kizuizi.

Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 50. Hiyo ni lita 0.4 kwa sekunde, sawa na lita 34,560 kwa siku. Usihesabu zote kuwa zako. Kijito kinachotoka hapo kina wanyama, miti na mara nyingi watu wanaokitegemea huko chini, kwa hiyo chukua nusu tu, yaani lita 17,280, na nusu iendelee na safari yake.

Kosa la kawaida katika hesabu ya bwawa ni kuzidisha urefu, upana na kina kana kwamba bwawa ni sanduku. Bwawa la udongo lina kingo zilizolala. Bwawa la mita 15 kwa 10 lenye kina cha mita 1.8 katikati, ambalo kingo zake zinashuka mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo, halibebi mita za ujazo 270 bali karibu 139, nusu tu ya alichotarajia mwenyewe. Juu ya hapo kuna upotevu. Katika hali ya hewa ya Pwani kadiria milimita 6 za mvuke kwa siku, ambazo kwa eneo la mita 150 za mraba ni lita 900, na kwa udongo mzuri wa mfinyanzi ongeza milimita 5 hivi za kupenya chini, ambazo ni lita 750. Zinabaki takriban lita 15,600 kwa siku, na bwawa hilo litajaa kwa siku 9. Likishajaa, maji yake yote yatakuwa yakibadilishwa kila baada ya siku 8, jambo ambalo ni zuri sana kwa bwawa lenye kivuli na majani mengi. Ikiwa hesabu yako inaonyesha kwamba upotevu unazidi nusu ya maji unayoingiza, punguza ukubwa wa bwawa. Usiongeze maji unayochukua.

Kipimo cha pili ni cha mafuriko. Chukua korongo linalopokea maji kutoka hekta 2 zenye miti. Mvua kubwa ya Mei ikinyesha milimita 60 kwa saa moja, eneo hilo litapokea mita za ujazo 1,200, na hata tukisema asilimia 70 imenywewa na ardhi na majani, mita za ujazo 360 zitashuka korongoni katika saa hiyo, sawa na lita 100 kwa sekunde. Hizo ni mara 250 ya maji ya chemchemi yetu. Tuta linalokatiza korongo lazima liyahimili yote hayo, ilhali bwawa lililo kando, linalolishwa kwa bomba jembamba, haliyaoni. Tuta lililopasuka Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, liliua watu zaidi ya 40. Lilikuwa kubwa mno kuliko lolote linalozungumziwa hapa, lakini maji yaliyozuiwa juu ya makazi ya watu hufuata kanuni ile ile.

Sheria na wenyeji

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kila chanzo cha maji nchini Kenya kinashikiliwa na serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi, hata kikiwa ndani ya shamba lenye hatimiliki. Kuteka maji ya nyumbani kwa ndoo hakuhitaji kibali, ila mara tu unapoweka bomba, mfereji au tuta, umejenga mitambo ya maji na unahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 nayo inakataza kujenga au kuchimba katika mto au ardhioevu bila idhini inayotokana na tathmini ya athari kwa mazingira, na hapo utakutana na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Anza mambo haya mapema, sambamba na vipimo, kwa kuwa makaratasi huchukua muda wake. Nenda na mchoro, kipimo cha maji cha Machi na picha za korongo; afisa anayeona kwamba nusu ya maji inaachwa iende ana maswali machache ya kuuliza.

Kuna idhini nyingine isiyo na fomu. Katika Rabai, Kaloleni na Kwale chemchemi nyingi za msituni ni mahali pa matambiko, na baadhi zimo ndani ya misitu mitakatifu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda, ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ndani ya kaya hakujengwi bwawa, na hakuna mjadala. Nje ya kaya, waendee wazee kabla ya kumleta fundi, eleza unachokusudia na usikilize. Mbali na heshima, wazee ndio wanaojua kama chemchemi iliwahi kukauka, mwaka gani korongo lilifurika hadi wapi, na upande upi ardhi huporomoka. Waendee pia majirani wa chini, maana wao ndio watakaokuwa wa kwanza kukushtaki.

Kuchagua mahali na kujaribu udongo

Tafuta chini ya chemchemi sehemu ambapo sakafu ya korongo imepanuka na kuacha sehemu ndogo ya tambarare kando ya kijito, juu ya alama za mafuriko. Alama hizo ni takataka zilizonasa kwenye vichaka, magome yaliyochunika na mchanga uliolala juu ya mizizi. Uso wa maji ya bwawa lililojaa lazima uwe chini ya jicho la chemchemi kwa angalau sentimita 30. Kimo hiki hupimwa kwa mpira wa maji unaopenya mwanga, kama mafundi wa nyumba wanavyofanya: shikilia ncha moja usawa wa jicho, ipeleke nyingine kwenye kigingi cha bwawa, na pale maji yanapotulia pande zote mbili ndipo usawa ulipo. Jicho la binadamu korongoni hukosea sana, kwa kuwa miteremko ya pembeni huliyumbisha.

Kuhusu miti, chagua mahali penye miti michache kisha uikubali iliyopo. Usichimbe ndani ya eneo la kivuli cha mvule, mkuyu au mkwaju mkubwa, kwa maana mizizi inayoushikilia mti huo huenda mbali kama matawi yake, na mti uliokatwa mizizi upande mmoja katika mteremko huangukia upande wa pili mvua zinapolainisha udongo. Miti iliyo juu na pembeni mwa chemchemi isiguswe kabisa.

Sasa udongo. Chimba mashimo ya majaribio yenye kina cha mita 2 hivi katika pembe za bwawa na katikati. Chukua udongo wa kina tofauti, uloweshe, uukande na kuuviringisha kama penseli: ukiweza kupinda kuwa pete bila kupasuka ni mfinyanzi mzuri, ukikatika una kichanga kingi. Kisha lijaze shimo maji jioni, lijaze tena asubuhi ili udongo ulioshiba ndio ujibu, na upime upungufu baada ya saa 24. Shimo linalopoteza sentimita chache linafaa. Likikauka, rudi mahali pengine, au ujiandae kuleta mfinyanzi na kutandaza tabaka la sentimita 30 lililoshindiliwa. Kuwa mwangalifu na jambo moja: ikiwa shimo linajaa maji lenyewe kutoka chini, umefika kwenye maji ya ardhini, na kuendelea kuchimba hapo kunaweza kuitoboa njia inayolisha chemchemi yako.

Wengi huniuliza kuhusu turubai la plastiki la kutandika bwawa. Kwa shamba la tambarare ni jambo jema, ila korongoni silipendekezi. Ardhi ya huko hujaa maji kutoka chini wakati wa masika, na maji hayo hulisukuma turubai juu hadi livimbe katikati ya bwawa, kisha matawi yanayoanguka na kucha za kenge humalizia kazi. Zege nayo hupasuka kwa sababu hiyo hiyo. Korongo linataka mfinyanzi.

Wakati wa kazi

Vibarua wengi watakuambia uchimbe Januari, jua linapowaka. Kuchimba wakati huo ni rahisi, lakini udongo wa kaskazi ni mabonge makavu yasiyoshikana, na tuta lililojengwa kwa mabonge hupokea masika ya Aprili likiwa halina hata unyasi mmoja. Afadhali upime Machi, utazame mafuriko Mei, uchimbe Julai na Agosti wakati mfinyanzi ungali na unyevu, na umalize Septemba. Mvua za vuli za Oktoba na Novemba, ambazo kwa kawaida huku Pwani ni nyepesi kuliko masika, zitaotesha nyasi na kukuonyesha mapema palipovuja.

Kulinda jicho la chemchemi

Kazi ya kwanza ya jembe ni hapa, nayo hufanywa kwa mikono na kwa upole. Ondoa majani na tope kuanzia kijitoni ukirudi nyuma, hadi uone maji yakitoka safi kwenye mwamba au changarawe. Komea hapo. Usitumie mtarimbo kupanua ufa kwa matumaini ya kuongeza maji, na usichimbe kushuka chini ya usawa wa jicho, kwa sababu tabaka gumu lililo chini yake ndilo linaloyaleta maji juu.

Panga mawe yaliyooshwa mbele ya jicho, yafunike kwa kokoto, kisha jenga kiukuta kifupi cha mawe na saruji upande wa chini, msingi wake ukiwa umekaa ndani ya mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yasipite chini yake. Katika kiukuta hicho weka mabomba mawili yaliyo usawa mmoja, moja la kurudisha nusu ya maji kijitoni na lingine la kwenda bwawani, na juu yake kidogo bomba la tatu la ziada. Hakuna bomba hata moja litakalowekwa juu kuliko usawa ambao maji yalikuwa yakitokea zamani, vinginevyo umeishaanza kuisukuma chemchemi nyuma. Funika mawe na kokoto kwa tabaka la mfinyanzi, juu yake udongo wa kawaida, na upande nyasi. Mita 8 hadi 10 kupanda mteremko chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua na kuyapeleka pembeni, kisha zungushia ua wa kuzuia mifugo. Choo chochote kiwe mbali, tena upande wa chini wa mteremko. Kilicho juu ya chemchemi kihamishwe kabla hujaendelea.

Maji ya kunywa na ya kupikia yatatolewa kwenye kiukuta hiki, hayatatoka bwawani, na yachemshwe au yatiwe dawa. Sababu ya kutenganisha hivyo itaonekana mbele.

Kuchimba na kujenga tuta

Weka vigingi kuzunguka umbo la bwawa na uache umbo lifuate korongo. Bwawa lenye pembe nne kali katikati ya msitu halipendezi, na pembe hizo ndizo zinazokusanya uchafu. Ondoa udongo wa juu wenye mboji na uuweke kando, kwani utauhitaji mwishoni. Ng'oa visiki vyote vilivyo mahali pa tuta pamoja na mizizi yake. Mzizi ulioachwa chini ya tuta huoza na kuacha mrija, na maji hayahitaji zaidi ya mrija mmoja.

Upande wa chini wa bwawa, na ule wa kijitoni, ndipo patakapokuwa na tuta. Kabla ya kuliinua, chimba katikati ya mstari wake mtaro wenye upana wa mita 1 hivi, ushuke hadi kwenye udongo usiopitisha maji, kisha ujaze mfinyanzi bora ulioupata na uushindilie. Mtaro huu ndio moyo wa kazi nzima. Mabwawa madogo yanayovuja, mara nyingi huvuja pale ambapo tuta limekutana na ardhi ya zamani, kwa sababu fundi aliweka udongo mpya juu ya nyasi na majani.

Inua tuta kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo zito lenye mipini au kwa mashine ya kukodi kabla ya tabaka lingine kuwekwa. Unyevu unaofaa ni ule ambao udongo unafinyangika kuwa donge mkononi bila kuacha maji kiganjani. Upande wa ndani ulale mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo juu ya ardhi, upande wa nje mita 2 kwa 1, na kilele kiwe na upana wa mita 2 ili mtu apite na toroli. Kimo chake kizidi uso wa maji kwa sentimita 60, na uongeze asilimia 10 kwa sababu litashuka. Ikiwa unahitaji tuta la zaidi ya mita 1 juu ya ardhi ya awali, au kuna nyumba chini ya korongo, mwite mhandisi. Kwa bwawa la kando, kina kikubwa hupatikana kwa kuchimba, na tuta hubaki dogo.

Wakati tuta likiwa bado chini, laza kwenye ardhi ngumu bomba la plastiki la inchi 4 la kutolea maji, likiwa na kola mbili za zege za kukatiza maji yanayotaka kutambaa kando yake. Ndani ya bwawa malizia kwa kiwiko kisichogundishwa na bomba la kusimama, ambalo kimo chake ndicho kitakachoamua uso wa maji. Ukililaza, bwawa linamwagika lote. Juu ya bomba hilo vika bomba pana zaidi lililokatwa meno chini na linalolizidi la ndani kwa kimo. Kwa mpango huu maji yanayotoka kila siku ni yale ya chini, mazito na yasiyo na hewa, ambako majani huozea, na yale safi ya juu hubaki. Katika korongo lenye miti hakuna kifaa cha bei ndogo kinachosaidia kuliko hiki.

Pembeni, katika ardhi ambayo haijachimbuliwa na kamwe si juu ya tuta, kata njia ya maji ya ziada yenye upana wa mita 1.5. Sakafu yake iwe sentimita 15 juu ya uso wa kawaida wa maji, ipandwe ukoka, na mwisho wake upangwe mawe mahali inapoingia kijitoni. Bomba la kuleta maji kutoka kwenye chemchemi liwe la inchi 1.5 tu, ili hata korongo likifurika lisiweze kuleta zaidi ya linavyobeba, na lipitie kwanza kwenye kisanduku cha mawe cha kunasa mchanga na majani, chenye wavu na ubao wa kufunga.

Tandaza ule udongo wa juu kwenye tuta na upande ukoka. Mti wowote usipandwe juu yake, hata mpapai.

Kujaza

Jaza theluthi moja, funga, subiri wiki, kisha tembea chini ya tuta asubuhi umande ukishakauka. Unyevunyevu ulio safi na usioongezeka si tatizo. Maji yenye rangi ya udongo yanayotoka mahali pamoja ni dalili kwamba tuta linaliwa kutoka ndani, na hapo bwawa limwagwe siku hiyo hiyo na sehemu hiyo ifukuliwe na kushindiliwa upya. Endelea theluthi kwa theluthi. Maji yatakuwa na tope kwa wiki kadhaa, kisha yatageuka rangi ya chai hafifu kwa sababu ya majani, rangi ambayo haina madhara.

Majani, mbu na kichocho

Majani machache hulisha viumbe wa bwawa, lakini mengi huoza na kumaliza hewa majini. Yatoe kwa wavu wenye mpini kila wiki msimu wa kupukutika, na uyatie katika mboji. Ukipata mapovu yenye harufu ya yai viza unapokanyaga ukingoni, umechelewa.

Kingo za majini ziwe na mteremko wa kutosha, zisiwe na vidimbwi vya nyayo na magugu, kwa sababu aina moja ya mbu wa malaria hupenda vidimbwi vyenye jua na nyingine hupenda maji ya kudumu yenye majani ukingoni. Mbu wa dengi hazaliani bwawani bali katika makarai, mapipa na mifuko inayoachwa na mafundi, kwa hiyo eneo la kazi lisafishwe kila jioni. Perege wachache wataendelea kula viluwiluwi vya mbu, ingawa asikudanganye mtu kuhusu biashara: samaki hawa hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 na mwanga mwingi wa kuotesha chakula chao, na kivuli cha korongo huwanyima vyote viwili. Mdiria na kenge nao watadai sehemu yao.

Hatari kubwa zaidi ni kichocho, ambacho Kwale na Kilifi wamekaa nacho muda mrefu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa na kuingia katika konokono wadogo wa maji baridi, na baada ya wiki kadhaa konokono hao hutoa vimelea vinavyopenya ngozi ya mtu yeyote aliyeingia majini. Bwawa jipya halina ugonjwa huu, na linaweza kubaki hivyo ikiwa mnyororo utakatwa: choo cha vibarua kijengwe kabla ya jembe la kwanza, watoto wasiogelee, nguo zisifuliwe humo, na maji ya shamba yachotwe kwa bomba la kutolea badala ya kuingia ndani. Vimelea hivyo huishi nje ya konokono kwa siku 2 tu, kwa hiyo maji yaliyokaa kwenye tangi lisilo na konokono kwa saa 48 hayawezi tena kuambukiza kichocho. Anayeingia kusafisha avae mabuti ya mpira marefu, na anayeona damu kwenye mkojo aende kliniki akapimwe, kwani dawa ya prasikwanteli ipo. Maji ya kwenye kiukuta cha chemchemi, yakiwa yametoka ardhini bila kukutana na konokono, hayana shida hii.

Kwa mimea ya majini, yungiyungi kidogo katikati na ndago sehemu moja ya ukingo vinatosha. Matete usiyapande, yakija yenyewe, yang'oe yakiwa machanga. Upande wa kijitoni, mkindu huishikilia ardhi vizuri na kukupa ukindu wa mikeka.

Matunzo

Zungushia bwawa ua na lango linalofungwa, kwa ajili ya watoto kwanza na ng'ombe baadaye. Kila wiki safisha kisanduku cha mchanga. Kabla ya masika na kabla ya vuli fyeka tuta, tafuta mashimo ya panya, kenge na kaa wa mtoni, yajaze mfinyanzi na uyashindilie, na uhakikishe njia ya maji ya ziada haina tawi lililoanguka. Mvua kubwa ikianza, shusha ule ubao na ufunge maji ya kuingia hadi korongo litulie. Kila Machi rudia kipimo cha ndoo na ukiandike kwenye daftari lile lile, pamoja na yaliyofanyika juu ya korongo mwaka huo: nani amefyeka, nani amepanda, nani amechimba kisima. Ikiwa sekunde za kujaza ndoo zinaongezeka miaka miwili mfululizo, punguza sehemu ya bwawa kwanza kwa kubana bomba lake, iache ya kijito kama ilivyo, kisha panda kilima ukatafute sababu.